Vichupa vya M na K

Nesi mpya wa chumba cha upasuaji aliviweka mezani pangu vichupa viwili vya vipande vya nyama ya mgonjwa mmoja, vimezama kwenye barafu hadi shingoni, akasema, "Hiki cha M ni mgonjwa, hiki cha K ni kawaida. Nitilie sahihi nikimbie."

Nilikuwa nanawa mikono. Bomba likaendelea kumwaga maji, mimi nimemtumbulia macho.

"Umesemaje?"

"M, mgonjwa. K, kawaida. Kwani ninyi mnaandikaje?"

Mungu wangu! Sisi, tangu maabara ile ifunguliwe, M ilikuwa mzima na K ilikuwa kansa. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo popote, kwa sababu nesi wa zamani alilijua kama jina lake. Naye alikuwa amestaafu wiki mbili tu kabla.

"Tangu uanze kazi umeleta wangapi?"

"Huyu wa pili. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu wa michezo, yule mcheshi. Namba kumi na saba."

Yule mcheshi ni dada yangu, tumbo moja.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Seli zetu hutengeneza protini kwa kufuata maagizo, lakini haziianzi kazi hiyo mpaka protini nyingine, tunazoziita vianzishi, zitoe ruhusa. Kuna kianzishi kimoja ambacho kwenye baadhi ya kansa huzidi kupita kiasi, na seli inatengeneza hata vile ilivyotakiwa kuviacha, inakua bila breki. Maabara tulikibandika jina la Filimbi. Nilipomweleza dada, amelala wodini, alicheka mpaka mshono ukamuuma.

"Miaka ishirini napuliza filimbi uwanjani, kumbe humu ndani kuna mtu ananipulizia bila kibali! Mdogo wangu, mtafute, umpe kadi nyekundu."

Na kadi ilikuwepo: dawa ya majaribio ya kumziba mdomo huyo Filimbi, ila walipewa wale tu ambao kansa yao ilikuwa naye kwa wingi kuliko sehemu zao zenye afya. Jumatatu nilipima vichupa vya dada; mstari mnene maana yake Filimbi ni mwingi. M, mstari mweusi mnene. K, mstari hafifu, wa kukodolea macho. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: hafai.

Habari nilimpelekea mimi. "Basi, nimebaki benchi," alisema, akageukia ukutani. Dada yangu hajawahi kunipa mgongo maishani. Niliumia, usiombe.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, na orodha ya wagonjwa wa majaribio ilikuwa inafungwa saa sita. Nilifika kwa profesa nikihema, mikono bado inachuruzika maji.

"Profesa, kumi na saba nimempindua! M yake ndiyo kansa!"

Profesa wetu alikuwa mama asiyepandisha sauti hata moto ukiwaka. "Amepinduka," akauliza, "au unataka awe amepinduka?"

"Usiniamini mimi. Angalia mwenyewe."

Mabaki ya vipande vya dada yalikuwa bado kwenye friza. Akavikata vyembamba kama ngozi ya kitunguu, akavipaka rangi, akainamia darubini. Alianza na K. Seli zimepangana kwa adabu zao, hakuna anayemsukuma mwenzake. Akaweka M, akasogeza kioo huku na huku.

"Hii ni mgonjwa," akasema. "Tena kwelikweli."

Nikaruka juu! Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kushangilia kwa kuambiwa hivyo kuhusu dada yake. Mimi nilishangilia, nikamkumbatia profesa na miwani yake, na saa tano na dakika arobaini alipotia sahihi dada aingizwe kwenye orodha nilikuwa nimeshafika nusu ya ngazi za wodini, koti la maabara linapepea nyuma.

"Inuka! Unaingia uwanjani!"

Dada akageuka taratibu kutoka ukutani. "Nani kaumia?"

"Herufi mbili tu."

Baada ya siku ile nilibandika karatasi juu ya friza: hakuna herufi tupu, andika neno zima. Miezi sita baadaye dada alikuja kuchukuliwa kipande kingine, tuone dawa imefanya nini. Nilikuwa nimeshika kichupa na kalamu nataka kuandika namba yake. Akaninyang'anya vyote viwili, akaandika kwa herufi kubwa: MZIMA.

"Dada, bado hatujapima."

"Wewe pima," akasema. "Mimi nimeshaandika."

Kichupa hicho, kitupu sasa, kimekaa dirishani pangu mwaka wa tisa huu. Sijapata sababu ya kuyafuta maandishi yake.