Neno la Kisimani

Kisima kilikohoa asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Pampu ilivuta upepo, ikatema mchanga, ikatetemeka kama mzee mwenye homa, kisha ikanyamaza.

Kilikuwa katikati ya ua wa nyumba waliyoachiwa na baba yao, watoto watatu wa tumbo moja. Mzee alikichimba mwenyewe akiwa kijana, akakijengea mawe kutoka chini mpaka juu, na maisha yake yote geti lake halikujua kufuli. Jirani aliyepungukiwa aliingia, akachota, akaenda zake. "Kisima ni titi," mzee alizoea kusema. "Linanyonywa, halitafunwi."

Alipozikwa, kaka mkubwa alirudi nyumbani na lori la kubebea maji. Tangu hapo akaitwa Boza, na jina alilopewa na mama likafa kifo cha kimya. Boza alifunga pampu ya injini ukingoni mwa kisima, akatia kufuli getini, akaanza kuwauzia maji wajenga maghorofa na wenye mabwawa ya kuogelea. Lori lilijaa asubuhi, likajaa mchana, likajaa jioni. Mvua nazo zilikuwa kama mgeni mwenye maringo: anachungulia mlangoni, haingii. Haukupita muda visima vya majirani vikaanza kutoa tope, maana kule chini mshipa ulikuwa mmoja. Kinyozi wa nyumba ya pili akawa ananyoa watu kavu. "Nalainisha kwa mate," aliwaambia wateja wake, nao wakacheka bila kuwa na hakika kama ni mzaha.

Sasa kilikohoa chenyewe. Boza akamwita kitinda mimba wao, Fuko, aliyerithi kazi ya baba ya kuchimba visima.

"Shuka uongeze kina. Kidogo tu."

Fuko aliinama ukingoni, akadondosha kokoto, akasikiliza. "Kaka, humu hamshukiki. Pampu yako imekula mchanga wote nyuma ya mawe. Huu ukuta umesimama kwa heshima ya marehemu tu."

"Nimekuambia uchimbe, sijakuambia uhubiri."

"Na nikichimba kitanyonya maji ya majirani. Hata hilo tope walilobakiwa nalo."

"Majirani ndio waliokuzaa?"

"Lakini lori lako limejaa pale, kaka. Si ukauze hilo kwanza?"

"Hilo lina wenyewe. Nataka la pili."

Dada yao alikuwa kwenye pipa lake la kuchemshia mashuka, mbele ya mlango wa jikoni. Alikuwa dobi, alifua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, na mtaa mzima ulimwita Dobi. Aliposikia hayo alikuja akijifuta mikono kwenye gauni.

"Kaka, sasa basi. Jana nimefulia maji niliyosuuzia juzi. Mashuka yamerudishwa, yananuka."

"Rudi kwenye povu lako."

Hakurudi. Aliinama, akaushika mpira wa pampu, akauchomoa. Hapo ndipo Boza alipoinua spana ya mabomba na kuishusha juu ya mkono wake wa kulia. Mfupa ulilia kama kibanio cha nguo kinapokatika. Dobi akapiga magoti. Alikuwa anautazama ule mkono jinsi ulivyokunjwa mahali pasipo na kiungo.

Boza akainua spana tena. Macho yalikuwa kwa dada, lakini maneno yalikuwa kwa mdogo mtu.

"Unashuka, au niendelee?"

Fuko akavua shati.

Sasa, wachimba visima wa nyumba ile walikuwa na mwiko wao. Mtu akiwa chini haiiti hatari kwa jina lake. Hasemi "nakufa," hasemi "unaanguka," kwa sababu mzee aliamini ardhi ina masikio, na ikitajiwa kifo hukumbuka njaa yake. Walikuwa na neno moja tu: tosha. Mchimbaji akisema tosha, walio juu wanavuta kamba kwanza, maswali baadaye. Fuko alilijua kama anavyojua jina lake. Dobi alilijua, kwani ndiye aliyekuwa akimshikia baba kamba. Boza hakulijua. Aliogopa mashimo tangu utotoni, akatorokea kwenye malori kabla ya kushika kamba hata siku moja. Na hakuna aliyemwambia, maana nani angefikiri kwamba mtoto wa ua ule halijui?

Walimfunga Fuko kamba kifuani, ikapitishwa kwenye roda iliyoning'inia juu ya kisima, akashuka na sululu. Boza na utingo wake walishika kamba mpaka miguu ya kijana ilipogusa chini. Dobi alijikokota hadi kwenye pipa lake, akafunga mkono kwa kipande cha shuka, akikaza kwa meno.

Mara geti likaanza kupigwa.

"Fungua! Hata tope limekwisha huku!" Ilikuwa sauti ya Kinyozi.

"Wewe Boza, umelewa maji?" Huyo alikuwa Mshonaji, mwanamke mwenye cherehani kibarazani, kinywa kisichoshonwa.

"Nendeni mkaombe mvua!" Boza akajibu. "Mimi ni wingu?"

Utingo akacheka. Jiwe likaruka juu ya ukuta, likamchana sikio, kicheko kikakatika.

Kutoka chini kukasikika kishindo kizito, kama gunia linalotupwa ghalani. Kisha sauti ya Fuko, nyembamba, imebanwa:

"Tosha!"

Uso wa Boza ukachanua. Mtu ambaye hajawahi kulitamka neno hilo alilipokea kama zawadi ya harusi.

"Mmesikia? Maji yametosha!"

"Bosi, tumtoe kwanza?"

"Akae aushike mpira. Akitoka, nani atamshusha tena?" Akaifunga kamba kwenye nguzo, akaurudisha mpira, akavuta uzi wa injini ya pampu. Injini ikanguruma, na ardhi ya ua ikaanza kutetemeka.

"Mvuteni!" Dobi alikuja mbio. "Kaka, tosha ni kuvutwa! Anakuambia umvute!"

"Amesema tosha, sina masikio?"

"Anakufa!"

Boza alimsukuma kwa kiganja cha mkono, akaanguka chali juu ya mkono uliovunjika. Pale chini, kwa mgongo wake, alisikia mawe ya baba yakiachiana moja moja na kudondoka. Aliona pipa lake. Aliona ndoo ndogo ya kuchotea inaelea kwenye maji ya sabuni yanayotokota. Aliinuka, akaijaza kwa mkono wa kushoto, akarudi, akammwagia kaka yake usoni na kifuani.

Mlio uliotoka haukuwa wa mtu. Boza alijishika uso, na alipoondoa mikono, sehemu ya uso ilikuja nayo. Akaanguka, akabiringika kwenye vumbi, vumbi likamganda. Dobi akauruka mwili wake, akaipiga injini teke mpaka bomba la mafuta likachomoka.

Injini ikazimika. Halafu kutoka chini: "Dada! Tosha, dada!"

"Vunjeni geti!" alipiga yowe. "Mdogo wangu yuko chini!"

Geti lilikuwa limeshalegea; likaanguka ndani na watu juu yake. Waliingia na nondo, mapanga na ndoo. Utingo alipoona zile nondo akapotelea nyuma ya lori. Kinyozi alimpitia Boza pale alipolala, akampiga teke la mbavu, akasogea, akaona halijamkolea, akarudi kumwongeza la pili.

"Utampiga baadaye!" Dobi akafoka. "Kamba!"

Wakaifungua nguzoni, wakaishika. Kinyozi mbele, Mshonaji nyuma yake, na wengine kadhaa wa mtaani, Dobi karibu kabisa na ukingo kwa mkono wake mmoja. Kamba ilikuja nzito, ikasimama, ikaja tena. Kichwa cha Fuko kikaonekana, cheupe kwa vumbi, jicho moja limefumba kwa damu, mguu mmoja unaning'inia kama soksi. Alikuwa anatabasamu, au anauma meno.

"Bado kidogo," Dobi alimwambia. "Nakuona, mdogo wangu. Bado kidogo."

Utingo alikuwa ameshapanda kwenye lori. Alitaka kukimbiza roho yake tu, masikini, lakini kwa woga akatia gia ya nyuma. Lori likarudi kwa kishindo, likagonga ukuta, na bomba la kutolea maji likakatika. Maji yakaruka, manene kama paja la mtu, meupe, baridi, yakatapakaa uani.

"Maji!"

Hakuna aliyejua nani alisema. Mkono mmoja uliacha kamba, kisha mwingine. Mshonaji alitazama ndoo yake iliyolala pale getini, akatazama kamba. "Nakuja sasa hivi, mwenzangu," akasema, akaachia. Wa mwisho alikuwa Kinyozi.

"Mshikilie kidogo tu, dada. Kidogo tu."

Dobi akabaki na uzito wote. Alijilaza, akakita miguu kwenye ukingo, akajizungushia kamba mkononi, nayo ikamkata hadi kwenye nyama. Aliwaita. Aliita Kinyozi, aliita Mshonaji, akawaita kwa majina ya mama zao. Pale kwenye bomba walikuwa wanapigana kwa ndoo. Mtu alimpasua mwenzake kichwa kwa nondo akachota hapohapo, maji mekundu na meupe. Mwanamke mmoja alianguka na wakamkanyaga, na alipokuwa anakanyagwa aliendelea kushikilia dumu lake.

Fuko alikuwa karibu kiasi kwamba dada yake aliuona udongo chini ya kucha zake. Kijana alinyoosha mkono. Vidole vyao viligusana, vyake vikateleza kwa damu ya Dobi.

Kamba ikaenda. Ilimchuna kiganja kizima, ikapiga roda, ikaenda yote. Kisha ukuta wa mzee ukaanguka, kuanzia juu mpaka chini, mawe yakifuatana kama watu wanaoitana, na shimo likafunga mdomo. Vumbi likatoka, likatua polepole juu ya mashuka yaliyoanikwa.

Lori liliisha maji. Watu wakasimama na walichopata, wakahema, wakaona pale palipokuwa na kisima. Kinyozi alivua kofia. Wengine waliondoka kwa ubavu, ndoo zikiwachuruzika miguuni.

Boza alikuwa bado hai. Macho yalikuwa yamevimba, hayaoni.

"Ametoka?" aliuliza.

Kinyozi akaikunja kofia mikononi.

"Maji. Jamani, naungua. Niwekeeni maji."

Mshonaji akaja na ndoo yake, imejaa hadi mdomoni, akaiweka mbele ya Dobi bila kumtazama.

"Pole, mwenzangu. Unawe japo uso." Akasimama pale, akishika kiuno, akaachia kiuno. "Ndoo yangu nitaingoja. Sina nyingine."

Dobi aliivuta ndoo kwa viwiko, akaiweka katikati ya magoti. Maji yakacheza ubavuni mwa plastiki, na Boza akageuza kichwa kuelekea ule mlio.

"Dada," alisema. "Dada yangu. Kidogo tu."

Dobi aliizungushia ndoo mikono yake yote miwili, uliovunjika na uliochunika, kama mtu anayemkumbatia mtoto.

"Ndoo yako utaipata," alimwambia Mshonaji. "Ikishakauka."

Mshonaji akalitazama jua, akaona lina nguvu, akachuchumaa kungoja.