Balbu ya Pili Haili Makombo

Namukolo alikuwa amebakiwa na siku moja, na kinasa sauti chake kilikuwa kimejaa ukimya.

Alikuwa ametoka chuo kikuu, Lusaka, akaja kwenye darasa la nane la shule hii ya Kabwe kutafuta jambo moja tu. Mtoto akichezea umeme kwa kidole chake kwenye kishikwambi, akaunganisha betri, nyaya na balbu za kuchorwa zinazowaka na kuzimika, je, anaelewa zaidi ya yule anayekariri ubaoni? Ili ajue, ilibidi kila mtoto acheze peke yake huku akisema kwa sauti kila linalompita kichwani. Msimamizi wake, Dokta Haamoonga, alikwisha kumwambia: bila sauti za watoto hakuna utafiti, na bila utafiti atarudia mwaka mzima.

Sasa mwambie mtoto wa Kabwe, aliyelelewa kuongea na mkubwa huku amepiga goti na macho yakiwa chini, aropoke mawazo yake mbele ya madamu mgeni mwenye miwani. Wa kwanza alisema "Ndiyo, madamu" mara kumi na tisa. Wa pili hakusema hata hilo. Kwenye kanda yake alisikika jogoo, ufagio wa uani, na Namukolo mwenyewe akimeza mate. Mwalimu Chishimba wa sayansi, mtu mwema mwenye tumbo la kutangulia, aliona aibu kwa niaba ya shule. Jioni ile akawakusanya waliofuata, akawafundisha cha kufikiri. Kesho yake wa tatu na wa nne walisema neno kwa neno, "Ninafikiri mkondo wa umeme unapita katika waya," na hata mahali pa kuvuta pumzi palikuwa palepale.

Walibaki wawili waliokuwa shambani jioni ile: Kasonde, Mbemba mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko, na Taonga Jere, msichana wa Kingoni, aliyekaa kwenye benchi la mlangoni kungoja zamu yake.

Kasonde alicheza dakika kumi bila kufungua kinywa. Kisha akaunganisha waya mtupu kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, na kioo kikawaka moto wa kuchorwa. Akaruka nyuma.

"Msamehe, madamu," sauti ikatoka mlangoni. "Mikono ya Wabemba imezoea kukamata nyani."

Kasonde akageuka. Wabemba na Wangoni ni watani, hao husemwa kula nyani na hawa kula panya, na mtani hanyamaziwi. "Afadhali nyani kuliko wewe unayeshinda umeinama kwenye mashimo ya panya."

Namukolo alitaka kumfukuza yule binti, maana utaratibu ulisema mmoja mmoja. Lakini akaona mshale wa kinasa sauti unacheza kama haujawahi kucheza. Akameza maneno yake, akamvutia Taonga kiti cha pili.

Kasonde akapanga balbu mbili kwenye waya mmoja. Akatangaza kwamba iliyo karibu na betri itawaka zaidi, kwa kuwa inakula kwanza. Ya pili itapata makombo.

"Hiyo ni karamu ya kwenu," Taonga akasema. "Umeme haukulelewa na Wabemba. Zitawaka sawa."

"Sawa vipi? Mtu akikutangulia kumega ugali wa nshima, wewe unapata nini?"

"Akiwa Mbemba, napata sufuria tupu."

Mwalimu Chishimba alifika mbio kutuliza fujo. Lakini naye ni Mbemba, wa Kasama hasa, kwenye chimbuko lao, na aliposikia kabila lake linavyochambuliwa, akavuta kiti. Akasema kijana yuko sahihi kabisa. Ya kwanza hula kwanza, hilo halina mjadala. Namukolo akauma midomo.

Taonga akagusa swichi. Balbu zikawaka, mwanga mmoja. Kasonde akazibadilisha nafasi, sawa. Akaigeuza betri, sawa. Mwalimu akasema hicho kishikwambi kimetengenezwa na Mngoni.

Kasonde hakucheka. Akaongeza balbu ya tatu, na zote tatu zikafifia pamoja. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kumbe hakuna anayetangulia," akasema polepole, kama anayejisemea. "Mkondo ni uleule unaozunguka. Ukiongeza balbu, unapungua kote, hata kwa hii ya mwanzo."

"Mbemba ameelewa," Taonga akasema. "Andikeni tarehe."

Watoto walipotoka, mwalimu alifunga mlango akaomba, kwa sauti ya chini, maneno yake yafutwe. Miaka kumi na minane anafundisha sayansi. Namukolo akamweleza kuwa yamesukana na ya Kasonde, hayakatiki. Ila kwenye karatasi hakuna majina, ni namba tu, na kila aliyesikika anatia sahihi ya ridhaa. Mwalimu akapumua, akatia sahihi. Akawa Mwanafunzi wa Saba.

Dokta Haamoonga aliipokea kazi, akaagiza kwamba katika shule zinazofuata watoto wakae watani wawili wawili. Pembeni mwa ukurasa tu aliuliza kwa kalamu nyekundu: huyu wa saba, mwenye sauti nzito namna hii, amerudia darasa la nane mara ngapi?