Chokaa ya Mheshimiwa

Micah alikinga mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku chini ya ufa wa ukuta wa bwawa, akaanza kuhesabu. Januari mkebe ulijaa akifika mia mbili. Leo ulijaa kabla ya arubaini, na maji yalikuwa na udongo.

Maji ya udongo ni ukuta unaoliwa ndani. Alijua hivyo kwa kulinda bwawa hili miaka ishirini na sita. Mzungu mwenye shamba la pareto ndiye aliyelijenga. Sasa umeme wa bwawa ulipita juu ya mabati ya kijiji kwenda kuwasha taa za kampuni ya maua. Chini ya nyaya, watu waliwasha koroboi.

Injinia Kang'ethe alifika saa tatu na ndoo nne za chokaa.

"Boss, tufungue lango," Micah alisema. "Maji yapungue hata futi sita."

"Mheshimiwa anakuja saa nane kuona bwawa. Tumuonyeshe matope?"

"Huko chini kuna watu. Mkebe umejaa kwa thelathini na nane."

Kang'ethe alicheka. "Mzee, mimi nilisomea kuta miaka minne. Wewe unapima na mkebe wa Kasuku."

"Na wewe umepima lini?"

Injinia alifunga gurudumu la lango kwa mnyororo, akatia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni.

"Paka rangi. Hutaki, kuna watu kumi wanaitaka hii kazi."

Hao kumi wasingejua hata ufa uko wapi. Micah alichovya brashi. Alipomaliza upande mmoja alimpigia binti yake simu.

"Jepkoech, chukua watoto mpande huko kanisani."

"Baba, Machi ulisema hivyo hivyo, tukalala kwa benchi siku mbili. Ngedere wakabaki na mahindi yangu."

"Leo ni tofauti."

"Leo chifu ametupanga hapa kando ya mto tuimbe. Ameandika nani amekuja."

Saa nane na nusu, chokaa juu ya ufa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Kang'ethe aliiona kabla ya mgeni.

"Simama hapo, mzee. Egemea ukuta. Usitoke."

Micah aliegemea. Mheshimiwa alimpa mkono huku akiangalia kamera.

"Umelinda hapa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Mheshimiwa, huu ukuta..."

"Na bado ni kama mpya. Hawa ndio watu tunataka."

"Mzee, cheka kidogo," mpiga picha alisema.

Maji yaliingia kwenye kola, yakateremka mgongoni mpaka kwenye viatu. Huko chini wanawake walikuwa wakiimba, wameshika matawi. Jepkoech alimwona baba yake kando ya mkubwa. Akamwinua mtoto juu ili naye aone.

Kokoto ilitoka ukutani ikamgonga Micah kwenye uti wa mgongo. Kisha nyingine. Akaanza kuhesabu.