Boksi Namba Ishirini na Saba

Mipango si matumizi, sisi wengine tunalijua hilo tangu utotoni. Vandita Bajpai hakulijua, au alilijua akadhani linawahusu watu wavivu.

Miezi miwili kabla ya kuhama Kanpur alinunua daftari la jalada jekundu, akalipigia mistari kwa rula. Tiketi tatu za treni hadi Pune. Amana ya nyumba mpya, kodi ya miezi mitatu mbele. Makuli wa kupakia, makuli wa kushusha, chai ya makuli. Naam, hata chai ya makuli ilikuwa na mstari wake. Akapita kwa wasafirishaji watatu. Wa kwanza alitaka rupia elfu hamsini na mbili, wa pili arobaini na saba. Wa tatu, bwana mmoja mwenye meza moja na simu mbili kando ya duka la matairi, akasema elfu ishirini na tisa na mia tano, mzigo wote, mlango hadi mlango.

"Mbona huyu yuko chini hivyo?" aliuliza Hemant, mumewe.

"Kwa sababu hana ofisi ya vioo ya kulipia kodi."

Rahisi ghali, lakini wakati ule nani alitaka kusikia? Tofauti ile ya bei ndiyo iliyolipa amana ya nyumba ya Pune, na Vandita alitembea wiki nzima kichwa juu kama aliyeshinda kesi.

Sasa ilikuwa Alhamisi saa sita mchana. Alikuwa amekaa sakafuni katika nyumba ile ya Pune, ghorofa ya tatu, tupu kabisa, daftari mapajani. Jikoni palikuwa na sufuria moja waliyoazimwa na jirani, na ndani yake wali wa dengu uliokuwa umepoa. Chumbani, juu ya shali mbili zilizokunjwa, alikuwa amelala mama mkwe wake, Rajeshwari, uso ukutani. Mama alikuwa na miaka sabini na minne na kisukari, na hakuwa ametia chakula kinywani tangu Jumatatu jioni.

Hakuwa amesusa. Laiti ingekuwa kususa, angebembelezwa. Mama alikuwa na Gopal wake, mungu mtoto wa Wahindu, sanamu ya shaba inayotosha kwenye kiganja, aliyopewa na mama yake mzazi siku alipoolewa. Kwa miaka hamsini na mmoja Gopal ameogeshwa kila asubuhi, akavikwa, akalishwa, na jioni akalazwa kwenye kitanda chake kidogo. Na kwa miaka hamsini na mmoja Mama hajawahi kula kabla Gopal hajala. Mama gani atashiba huku mtoto ana njaa? Ndivyo alivyosema ndani ya treni Jumanne asubuhi, alipofungua mikoba yote mmoja baada ya mwingine asimwone.

Gopal alikuwa kwenye lori. Mama mwenyewe alimweka ndani ya boksi dogo la bati, pamoja na nguo zake na bembea yake, akaliweka kando ya mlango ili alibebe mkononi. Vandita akapita na karatasi zake za gundi, akakuta boksi halina namba, akalibandika ishirini na saba. Alibandika kila kitu, hata ndoo ya chooni, ili orodha isiwe na pengo. Yule msafirishaji alikuwa amewaambia makuli wake neno moja tu: chenye namba kinapanda. Kikapanda.

Mama alipolia kwenye treni kwamba makuli ni wezi, Vandita alinyamaza. Aliona aibu. Alinyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano, na kila saa iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Jumatano jioni ndipo msafirishaji alipopiga simu. Lori limesimama nje ya Dhule, alisema, safari ya siku nzima kutoka Pune. Kuna ushuru wa majimbo, kuna uzito uliozidi. Elfu kumi na nane, la sivyo mzigo unabaki hapo hapo. Vandita hakuhitaji daftari kujua walichokuwa nacho. Elfu kumi na moja na mia mbili, hadi mshahara wa kwanza wa Hemant, na huo ulikuwa mbali.

Hemant aliingia akihema kwa ngazi. Alikuwa ametoka kituo cha polisi.

"Wanasema twende tukashitaki tulikosaini mkataba. Kanpur." Akavua viatu. "Amekula?"

"Hapana. Daktari wa ghorofa ya chini amempima. Anasema sukari imeshuka vibaya. Akifika kesho bila kula, tutamtoa humu kwa machela. Hospitali nayo itafanya nini, ikiwa hata huko hatafungua mdomo?"

Simu ya Hemant ikalia. Alikuwa msafirishaji, sauti laini kama ya mtu anayeuza vitambaa.

"Bwana Bajpai, tumefikia wapi?"

"Elfu tano. Zaidi ya hapo sina."

"Kumi na nane. Na kuanzia kesho kuna gharama ya maegesho, elfu mbili kwa siku. Mimi sina haraka. Wewe una haraka?"

Hemant akamtazama mkewe. "Sina haraka," akasema, akakata.

"Muombe," Vandita akanong'ona. "Mwambie kuna mgonjwa."

"Akijua kilichomo kwenye boksi lile, kumi na nane inakuwa hamsini. Huyo mtu anasikilizia tu tunapoumia. Tukikaza siku mbili tatu atachoka mwenyewe."

"Mama hana siku mbili tatu."

Hemant akaenda kusimama mlangoni pa chumba akimwangalia mama yake. Vandita akafungua daftari ukurasa wa siku ya kupakia. Pale juu, kwa mwandiko wake nadhifu, palikuwa na namba ya gari, na chini yake namba ya simu ya dereva.

"Usimpigie huyo," Hemant akasema. "Yule na bosi wake lao moja."

"Basi tutakuwa tumepoteza nini?"

Simu iliita hadi ikakaribia kukatika.

"Dada, nimekatazwa kuongea na nyie," dereva akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, imekauka kwa vumbi. "Mlipeni bosi, mimi nitaondoka saa hiyo hiyo. Nimekaa kwenye jua hili tangu jana, unadhani napenda?"

"Kaka, nisikilize dakika moja tu. Sikuombi uondoke."

"Unaomba nini?"

Vandita alikuwa amejiandaa kuanza mbali, na maneno ya heshima, na bei. Yote yakamtoka kichwani. "Gopal wa mama mkwe wangu yuko kwenye lori lako," akasema. "Boksi la bati. Tangu Jumatatu hajaogeshwa wala hajalishwa. Na mama hali mpaka yeye ale. Ni mzee, ana sukari. Anakufa hapa mbele yangu, kaka."

Hemant alishika kichwa kwa mikono miwili. Siri ilikuwa imetoka, na aliyeipata ni mtu wa bosi.

Upande wa pili yalisikika magari tu yakipita.

"Mtoto yuko nyuma kwangu," dereva akasema polepole, "na mimi nimepita kwenye mashimo yote yale kama nimebeba mawe?"

"Hukujua."

"Bosi amesema nikigusa kamba ya turubai kabla hamjalipa, mshahara wangu wa mwezi nisahau." Akakohoa. "Subiri, dada. Kabla sijamtoa, nikamwogesha na kumlisha, ujue jambo moja. Mimi naitwa Irshad. Umenielewa?"

Vandita alimwelewa. Jikoni kwa Mama, hata yeye, mkwe aliyeishi humo miaka tisa, hagusi kisahani cha Gopal kabla ya kuoga na kubadili nguo. Mara moja fundi wa mabomba aliegemea kabati la Gopal, na Mama akalisugua siku nzima. Sasa mwanamume Mwislamu, kando ya barabara, kwa mikono yake.

"Mwambie Mama ni Mhindu mwenzetu, anaitwa Ramesh," Hemant akanong'ona. "Vandita, ni neno moja tu. Atakula, atapona, lori litafika, yamekwisha."

Nani asingeshawishiwa na shetani huyo? Uongo wenyewe ulikuwa mdogo na ulikuwa na huruma. Vandita aliusikia tayari ulimini. Lakini alikuwa amekaa na uongo mwingine tangu Jumanne, na alijua uzito wake. Akamwambia Irshad asikate, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya shali.

"Mama, si makuli. Ni mimi niliyebandika namba kwenye boksi la Gopal. Nilitaka orodha ikamilike. Nisamehe."

Mama hakugeuka.

"Dereva yuko kwenye simu. Yuko tayari kumtoa, kumwogesha na kumlisha. Anaitwa Irshad, Mama."

Hemant alikuwa amefumba macho mlangoni. Vandita alikuwa akiutazama mgongo wa mama mkwe wake, ukipanda na kushuka kidogo kidogo, akawaza kwamba ameua mtu kwa kusema kweli.

"Muulize," Mama akasema akiwa bado ameukabili ukuta, sauti imekwaruza, "ana watoto?"

Vandita akauliza.

"Wanne," Irshad akajibu. "Wa mwisho ana miezi minane."

Mama akageuka. Macho yalikuwa yamezama. "Basi anajua kumwogesha mtoto. Niinueni."

Hapo ndipo daftari jekundu lilipopata kazi. Vandita alikuwa ameandika si namba tu, bali na mpangilio wa kupakia, nini kilitangulia na nini kilifuata. Akageuza simu iwe ya video. Irshad alikuwa mwembamba, ndevu zina mvi, ameikabidhi simu kwa mwenye mgahawa wa madereva ili yeye apate mikono. Alisimama mbele ya kamba za turubai, akazitazama kama mtu anayeutazama mshahara wake. Kisha akazifungua.

"Toa magodoro, kaka. Mawili. Nyuma yake kuna friji, usiilaze."

"Siilazi."

"Kushoto, ishirini na tano ni vitabu. Zito hilo. Ishirini na sita vyombo. Chini yake."

Nusu saa, kwenye jua la mchana, mzigo wote wa nyumba ya Bajpai ukatandazwa kando ya barabara kuu. Simu nyingine ya Irshad ililia mfukoni mara tatu. Aliitoa, akaisoma, akairudisha. "Bosi," akasema, akaendelea kuvuta maboksi. Hatimaye akatokea na boksi la bati kifuani, karatasi ya namba bado imebandikwa.

Mama alikuwa amekaa wima, ameegemezwa kwa Hemant, simu kaishika mwenyewe kwa mikono miwili.

"Nawa kwanza."

"Nimenawa, Mama. Na miguu."

"Maji yawe vuguvugu. Usimmwagie kichwani ghafla, anashtuka."

"Najua, Mama. Wote wanashtuka."

Akamwogesha katika bakuli jipya la mwenye mgahawa, akamfuta kwa kitambaa safi, akahangaika na kinguo cha njano, vidole vinene kwenye vifungo vidogo, mpaka Mama akacheka. Kicheko kidogo, kama kukohoa, lakini Vandita alikisikia. Maziwa yakaja kwenye kikombe cha udongo, na kipande cha sukari guru juu ya jani.

"Kuna maneno ya kusoma?" Irshad akauliza.

"Mwambie tu ale, baba."

Irshad akaweka jani mbele ya yule mtoto wa shaba. "Kula, mwanangu," akasema.

Wakasubiri kidogo ili Gopal ale, kama ilivyo desturi. Kisha Vandita akakimbilia jikoni, akapasha wali wa dengu, akaleta bakuli. Mama akachota tonge, akalifikisha midomoni, akasita.

"Muulize, yeye amekula?"

"Nitakula nikifika, Mama," Irshad akasema. "Nabana kamba hizi, naondoka. Kesho saa nne nitakuwa mlangoni kwenu, bosi apende asipende."

"Sikukuuliza utakula lini."

Irshad akaangalia pembeni. Mwenye mgahawa, aliyeshika simu, ndiye aliyejibu. "Hajala tangu jana. Bosi wake hakumtumia pesa ya njiani, na mimi sikopeshi madereva."

Mama akalirudisha tonge bakulini.

"Mama, tafadhali," Vandita akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Tonge moja tu."

"Aliyemlisha mtoto wangu ana njaa, mimi nitafune? Kaa chini, Irshad. Hicho kilicho mbele ya Gopal ni chako. Na wewe mwenye mgahawa, mpe chapati na dengu, mkwe wangu atakulipa."

Irshad akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya boksi la vitabu. Akakimega kipande cha sukari guru, akakitia mdomoni. Mama alimtazama mpaka akameza. Ndipo naye akala.

Walikula hivyo, kila mmoja kwake. Vandita alimtumia mwenye mgahawa pesa za chakula, na Irshad elfu sita za dizeli, kisha akachukua daftari aziandike. Akapitia mistari yote, mmoja mmoja, tangu ukurasa wa kwanza, kutafuta pa kuziweka. Makuli wa kupakia walikuwepo. Makuli wa kushusha walikuwepo, na chai yao. Mtu wa kuendesha lori siku nne kutoka Kanpur hadi Pune hakuwa na mstari wowote, wa chakula wala wa maji. Akachukua rula, akapiga mmoja.