Jina Ndani ya Koti

Kila aliyepita geti la yale maghorofa ya Randburg, Johannesburg, alijua kwamba mlinzi wa mchana anaitwa Steve. Jina lilidariziwa kifuani kwenye shati lake, na nani wa kubishana na uzi? Steve mwenyewe aliacha kazi mwaka 2015, shati likabaki, akavishwa Cyriaque, Mrundi wa Buyenzi mwenye miaka hamsini na kitu. "Shati ya mupya itakuya mwezi ujao, vieux," Octave, msimamizi wake Mkongomani, alimwahidi, akimwita mzee kwa Kifaransa. Sasa ilikuwa 2018, na huo mwezi ujao ulikuwa bado njiani.

Kwenye chumba chake cha kupanga Jeppestown hakukuwa na wa kumwita. Mkewe Pascasie na watoto walipata kibali cha kwenda Kanada. Karatasi zake yeye zikakwama. Pascasie alipopiga simu, mara moja kwa mwezi, alimwita Baba Armel, kama heshima inavyotaka. Wiki nzima ilipita Cyriaque asisikie jina lake. Ni jambo dogo, utasema, mpaka likufike wewe.

Kilichomshughulisha siku hizo ni kikosi. Mwaka 1986, akiwa kijana, alipelekwa Urusi kusomea uafisa, na kwa mazoezi akapangiwa miezi minne kwenye kikosi cha askari wa miguu wanaobebwa na magari ya deraya, yale yanayokwenda nchi kavu na kuelea majini. Wageni walikuwa wawili tu, yeye na Bakiri, Mtanzania wa Kigoma. Waliteta kwa Kiswahili, waligombana kwa Kiswahili, na vitanda vyao viligusana. Siku ya zoezi la kuvuka mto, gari la Bakiri liliingia maji likazama. Wenzake walitoka. Bakiri hakutoka.

Kikosi kilishavunjwa zamani, lakini afisa mmoja mstaafu, mzee Gennadi, alikuwa akiandika historia yake na kuiweka mtandaoni sura baada ya sura. Cyriaque aliisoma kwenye simu kibandani mwake, Kirusi chake kikiwa kimeota kutu. Alikuta vita, medali, hata mbwa wa jikoni aliyeiba nyama ya kanali. Bakiri hakumo. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, lakini Cyriaque ilimuuma vibaya.

Kikosi kile kilikuwa na desturi. Majina yalipoitwa kwenye gwaride, waliofia kazini waliitwa kwanza, na aliyezoea kusimama kulia kwa marehemu alijibu kwa niaba yake: "Amekufa akitimiza wajibu wake." Mpaka leo wazee wa kikosi hukutana kila tarehe tisa Mei, siku ya ushindi wao katika Vita Kuu ya Pili, na kuita majina yale yale. Cyriaque alitaka jambo moja tu, Bakiri naye aitwe. Akamwandikia mzee Gennadi.

Jibu lilikuja baada ya wiki. "Mwafrika mmoja yumo kwenye orodha yetu ya wafu. Tumemwita kila mwaka tangu 1986. Jina lake ni Cyriaque. Sasa wewe ni nani?"

Alielewa papo hapo. Asubuhi ile Bakiri alikuwa akitetemeka kwa baridi, koti lake bado bichi, na Cyriaque akamvulia lake. Ndani ya kila koti askari waliandika jina kwa dawa ya kung'arishia nguo, inayoacha alama isiyofutika. Ubalozi wa kwao ulirudisha maiti ya Bakiri Kigoma kwa jina lake halisi, lakini karani wa kikosi alisoma koti, akaandika alichosoma. Naye Cyriaque, aliyerudishwa Moscow kesho yake, hakuonekana tena kikosini.

Jibu lile lilipaswa kumhuzunisha. Lilimfurahisha, aibu iliyoje! Alipokuwa mkimbizi, alipokuwa Baba Armel, alipokuwa Steve, kumbe kulikuwa na mji wa mbali ambako kila mwaka wanaume walisimama wima wakaita Cyriaque, na mtu akamjibia. Alilia pale getini, akajifuta kwa mkono wa shati la Steve. Siku nne hakujibu. Marehemu hana haraka, alijiambia.

Siku ya tano baridi iliingia Johannesburg. Alipokuwa akifunga vifungo vya koti alimkumbuka Bakiri akifunga vile vingine, meno yakigongana: "Nitakurudishia jioni, ndugu yangu." Bakiri hakuwahi kukaa na cha mtu. Cyriaque ndiye aliyekaa na cha mwenzake, nafasi yake kwenye orodha, miaka thelathini na miwili. Akaandika ukweli wote.

"Tarehe tisa tutakupigia," mzee alijibu. "Wewe ulisimama kulia kwake. Ujibu wewe."

Walipiga mchana, akiwa zamu. Kwenye kioo cha simu aliwaona wazee wachache mbele ya mnara wa jiwe, vifua vimejaa medali. Gennadi alifungua karatasi.

"Bakiri!"

Cyriaque alisimama wima kando ya geti. "Amekufa akitimiza wajibu wake," alijibu kwa Kirusi. Akarudia kwa Kiswahili, taratibu, ili Bakiri mwenyewe asikie.

Majina mengine yakafuata. Alijua lake limefutwa, alilifutisha mwenyewe, lakini aliyasikiliza yote hadi la mwisho, akitega sikio kila Gennadi alipovuta pumzi.

"Walio hai hatuwaiti," mzee alimwambia akicheka. "Uishi sana!" Simu ikakatika.

Nje gari lilipiga honi. Mama wa ghorofa ya pili alishusha kioo.

"Steve! We Steve! Geti!"

"Nipo," Cyriaque alijibu, akaenda kufungua.