Ngazi za Kufulia, Kivutio Namba Moja

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya muda katika ofisi ya mtaa wetu wa kando ya mto: kuandika kijitabu cha vivutio kumi vya kutembelea. Niliifanya kwa moyo wote. Shida ilikuwa kuvipata hivyo kumi. Kulikuwa na bustani, iliyofungwa kwa kufuli ili isiharibiwe na wanaoipenda. Kulikuwa na sanamu ya mtu aliyenyoosha kidole. Hata ofisi haikujua ni nani wala anaonyesha nini. Daraja la zamani lilikuwa kwenye matengenezo tangu nikiwa darasa la tatu. Mratibu wetu, ambaye mto aliujua kwa kuutazama dirishani, aliniambia choo kipya cha kulipia nacho kihesabiwe.

Namba moja nikaweka ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, anapofulia mama mdogo, dobi aliyenisomesha kwa mikono yake. Niliandika: "Hapa wanawake wa mtaa hufua nguo huku wakitaniana." Nilidhani nimewapa heshima. Mratibu aliipenda sana sentensi hiyo. Wiki iliyofuata alizizungushia ngazi uzio wenye geti na kutundika kibao: KIVUTIO. NI MARUFUKU KUFUA.

Mama mdogo alirudi nyumbani na karai limejaa nguo za watu. Bomba letu hutoa maji mara mbili kwa wiki, likipenda. Kufikia Ijumaa wateja watatu walikuwa wameshachukua mashuka yao wakaenda kwingine. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna mtu mwingine ninayempenda kiasi hicho, ili amwonye mapema.

Nilikwenda kumsihi Mratibu. Alinieleza kwa upole kwamba kivutio hakiwezi kuwa na povu.

Kisha wakaja wageni wa kwanza, kumi na wawili, kila mmoja na kijitabu mkononi. Walizitazama ngazi tupu. Bibi mmoja mwenye miwani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akaweka kidole kwenye sentensi yangu. Pameandikwa "hufua", alisema, si "walifua". Sasa hao wanawake wako wapi?

Mratibu aliniamuru nisahihishe. Nilimkumbusha kwamba nakala elfu mbili zimekwisha kuchapwa. Akakuna kichwa, akapata wazo: mama mdogo na wenzake waje kila Jumamosi, kwa saa moja tu, wafue nguo safi, povu kiasi.

Alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba. Mama mdogo aliendelea kukamua shati.

"Mheshimiwa, mimi sifui nguo safi. Na hiyo 'hufua' yenu, mwanangu amenieleza, ni ya siku zote. Haijasema Jumamosi."

"Mama, hiyo ni lugha tu."

"Basi badilisha lugha. Au fungua geti."

Mratibu akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliona faida ya shahada yangu. Nilimwambia kwamba kisarufi, mama yuko sahihi.

Kesho yake geti lilifunguliwa. Mama mdogo aliomba ufunguo ubaki kwake, kwa kuwa madobi huamka kabla ya ofisi, akapewa. Jumatatu, saa nne, Mratibu alileta wageni wakubwa wenye tai, akakuta geti limefungwa kwa ndani. Akabisha.

"Subirini kidogo," mama mdogo aliitikia kutoka chini. "Kivutio kinasuuza mablanketi."