Kikopo cha Kaka

Kaka yangu ni seremala, ana ndevu za kutosha watu wawili na mdomo wa kutosha ukoo mzima. Tangu niajiriwe maabara ya zahanati, hajaacha kunitania kwamba nilisoma miaka yote ile ili nije kuchungulia vyoo vya watu. Mwaka huu utani ulimkauka. Karakana imefungwa, randa zinashika kutu, na yeye anashinda kitandani akitazama ukuta. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Tumbo tu."

Wifi alinivuta jikoni. "Si tumbo, wifi yangu. Namsikia analia bafuni. Akiendelea hivi tutampoteza." Niliogopa, sikufichi.

Jioni hiyo, tukinywa chai, nikajidai msomi. Nikaeleza kwamba siku hizi watafiti wanachunguza bakteria wa utumboni, kwamba utumbo na ubongo hupashana habari, na kwamba baadhi ya watu wenye sonona au wasiwasi wamekutwa na bakteria walio tofauti kidogo na wa wengine. Nilidhani nampa pa kuanzia kuzungumza.

Kaka akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mnaona kila kitu humo?"

"Kila kitu!" nikamjibu huku nikicheka. Mdomo wangu nao!

Kesho yake akaenda kwa daktari wa zahanati yetu, akasimulia ile hadithi yake ya tumbo, akaandikiwa kipimo cha choo. Akatoka na kikopo kitupu, akarudi nacho baadaye, akakiweka dirishani kwangu bila kunitazama usoni. Kisha akakaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri hukumu.

Nikakifungua. Kazi hii nimeizoea. Hata hadubini sikuihitaji. Manjano, laini, na kaharufu ka maziwa yaliyoanza kuchacha. Nikasoma tena jina lililoandikwa ubavuni. Ni la kaka, pande la mtu!

Nikamfuata pale bencheni. "Majibu yako tayari. Uko salama kabisa. Ila, kaka, inaonekana bado unanyonya."

Akafumba macho. Kicheko kilishanifika kooni, na utani wa kumlipizia miaka yote ile nilikuwa nao mdomoni.

"Ni cha Bosi," akasema. Bosi ni mwanawe, hata jino hana, na ndiye anayetawala nyumba ile.

"Sasa kwa nini, kaka yangu?"

"Si ulisema mnaona kila kitu? Nikaona nilete cha mtu mwenye furaha." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nyumba nzima amebaki yeye tu."

Kicheko kikarudi kilikotoka. Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, ule mkono wake mgumu wenye makovu ya msumeno.

"Nilikutania jamani. Hapa hatuna kipimo kinachoona huzuni. Hao watafiti wenyewe bado wanapapasa. Hicho kikopo kingekaa kimya, kaka. Umejisema mwenyewe."

"Nimesema nini?"

"Kwamba huna furaha."

Mlango wa daktari ukafunguka, mgonjwa akatoka. Kaka akainuka, suruali ikimpwaya kiunoni, akanivuta tuingie pamoja.

"Daktari," akasema, mkono wangu bado ameukamata, "tumbo nimelisingizia. Silali. Nalia."